Kampuni ilikuwa baba na mama, Nkambo alikuwa na mashini

Kazi yangu ni kupiga chapa maandishi ya watu wengine. Wanafunzi wa hapa Lubumbashi wananiletea TFC zao, yaani tasnifu za kumaliza masomo, nyingine zimeandikwa kwa kalamu kwenye madaftari yaliyolowa mvua, nami nazipanga kwenye kompyuta na kuzichapisha. Kwa ajili hiyo historia ya kampuni ya shaba naijua kwa moyo. Union Minière ilianzishwa 1906, reli ikafika Elisabethville 1910, shaba ya kwanza ikamiminwa 1911. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ikaichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000. Haya yanarudi katika kila TFC, pamoja na makosa yaleyale ya tahajia. Mwanamke anaonekana kwenye jedwali moja tu, lile la wategemezi wa mfanyakazi, kwenye safu moja na watoto.

Mtegemezi mmoja wa namna hiyo anakaa upande wa pili wa ukuta wangu, komini ya Katuba. Avenyu nzima tunamwita Nkambo, yaani bibi. Jina lake sitaliandika, ndivyo tulivyopatana, na majina ya watoto wake pia nimeyaacha. Amevuka miaka themanini. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku inapouma, anatoa kiti nje na kufuata jua, na mashini yake ya kushona, Singer nyeusi ya mkono, inatolewa pamoja naye. Siku hizi hashoni sana. Anapachika zipu, anapunguza suruali za mitumba, anarekebisha sare za wanafunzi shule zikikaribia kufunguliwa. Lakini ashone asishone, mashini lazima itoke.

Nilipomwomba anisimulie maisha yake alicheka mpaka akashika kiuno.

"Bwana yangu," akasema (kwetu nkambo humtania mjukuu hivyo, na mimi nina umri wa wajukuu zake), "weye unataka kuniuza?"

Nikamwambia sitaki kumuuza, nataka kumwandika.

"Kuandika njo kuuza," akajibu (njo ya huku ni ndiyo). "Ile bazungu ya zamani balikuwa banaandika kila kitu. Angalia kwenye tuko."

Kisha akaniambia nirudi Jumamosi, na nije na sukari.

Sukari nilileta. Simu niliiweka juu ya kibao cha mashini, ikarekodi. Maswali ya miaka hayakuzaa kitu: ukimwuliza mwaka 1960 alikuwa wapi, atakujibu "Hapa," basi, anaendelea kuchambua maharagi. Watoto wake nao walikuwa shida ya pili, hasa binti mkubwa, aliyekuwa anajibu mahali pa mama yake kwa nia njema kabisa. Jambo lililofungua mlango ni mikono. Muulize foleni ya posho ilikuwa inasimama upande gani, atasimama mwenyewe akuoneshe: hapa mlango, pale mzungu na daftari, huku kilo. Muulize walikuwa wanabeba nini kuupokelea unga, atakuambia ni mfuko gani, umeshonwa na nani, kwa uzi gani. Kutoka kwenye mfuko ule tukafika kwa mama yake, na kutoka kwa mama yake tukafika mwaka 1941.

Yeye mwenyewe alizaliwa Februari 1942. Wazee wengi wa rika lake hawajui siku, wanakisia kwa njaa au kwa chifu aliyekuwa anatawala. Nkambo anaijua tarehe yake kwa sababu alizaliwa kwenye materniti ya kampuni, na kampuni iliwaandika watoto wa wafanyakazi. Kila mtoto aliyeongezeka alikuwa posho inayoongezeka. Mimba ile mama yake alikuwa ameibeba tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai mishahara iongezwe na wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari waliwapiga risasi, wakaua makumi ya watu. Hilo nimelipiga chapa mara nyingi sana. Ambalo sikuwahi kulipiga chapa ni kwamba ndani ya nyumba za kambi siku ile wanawake walizima mbabula zao, majiko ya makaa, ili moshi usioneshe nyumba zenye watu. Mama yake alimwambia hivyo, naye amekuwa akiwaambia binti zake. Baba yake alirudi usiku, hakusema neno, na kesho yake akaenda kazini.

Mfumo wenyewe, kwa wasomaji wasiotoka huku, ulikuwa hivi. Mwanzoni kampuni ilikuwa inachukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, kisha wanarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaona hasara ya kuwafundisha watu wapya kila wakati, ikageuza mwendo: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za matofali kambini, na ruhusa ya kuja na mke. Mke alipewa posho yake, na mtoto yake. Unga wa mahindi, maharagi, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, samaki mkavu, nyama. Mtoto mchanga alipelekwa kupimwa kilo. Shule ilikuwepo, hospitali ilikuwepo, kanisa pia. Kampuni ilitaka wafanyakazi wa kesho wazaliwe hapohapo, na wazaliwe na afya.

Wazee wastaafu, wale wanaokaa chini ya miembe wakisubiri pensheni, wanausimulia wakati huo kwa machozi. "Kampuni njo ilikuwa baba, njo ilikuwa mama." Kila mtu wa Katanga ameisikia kauli hiyo, na mimi nimeipiga chapa kwenye kurasa za utangulizi nisizoweza kuzihesabu. Nilimpelekea Nkambo nikitegemea ataitikia.

Aliitikia. "Njo vile kabisa. Baba na mama." Akanyamaza, akapitisha uzi kwenye sindano bila miwani, jambo ambalo mpaka leo sielewi analifanyaje. "Lakini weye unakaaka kwa baba na mama mpaka kufa?"

Mimi nikaanza kumsikiliza vingine.

Alipokuwa msichana walimpeleka fwaye, zile nyumba za kampuni ambamo wanawake na wasichana walifundishwa kushona, kufuma, kupika kwa namna ya Wazungu, kuosha mtoto, kupanga meza. Masista na mabibi wa kizungu walifundisha, halafu walikuwa wanapita majumbani kutazama kama mafundisho yamefuatwa. Nkambo anaiga mwendo wao vizuri mno, shingo mbele, kidole kikipita juu ya kabati kutafuta vumbi. Kusudi la fwaye lilikuwa kumtengeneza mke wa mfanyakazi: nyumba safi, mume aliyeshiba, hakuna sababu ya kutoka kambini. Kushona walikufundisha ili ushonee watoto wako. Kwenda kuuza lilikuwa jambo lingine, na hawakulipenda. Pombe ya nyumbani ndiyo hawakutaka hata kuisikia. Mwanamke mwenye franga zake mwenyewe alikuwa mtu wa kutiliwa shaka, mbele ya Wazungu na mara nyingi mbele ya mumewe pia.

Aliolewa 1960. Mume alikuwa Muluba wa Kasai, mfanyakazi wa kiwanda cha hapa mjini, kile chenye bomba refu la moshi linaloonekana karibu kila mahali, na mlima mweusi wa takataka za shaba pembeni yake. Nkambo ni Muluba pia, ila wa Katanga. Kwa baba yake ni upande wa Kabongo. Tofauti hiyo ndogo ilikuja kumgharimu maisha yake, lakini wakati wa harusi, asema, iligusa mambo ya mahari tu, nani anadai mbuzi wangapi.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga wakati huo, akatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Waluba, wa Kasai na wengi wa kaskazini ya Katanga, walihesabiwa kuwa maadui wa nchi hiyo mpya. Septemba 1961, mapigano ya Umoja wa Mataifa na jeshi la Tshombe yalipoanza hapa mjini, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kwenye kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Nkambo na mume wake walikuwemo, na mtoto wao wa kwanza mgongoni. Nyumba zilikuwa za magunia, mikeka na makaratasi magumu ya maboksi. Anawakumbuka askari wa Sweden wakilinda, wekundu kwa jua. Kuna mwanafunzi aliyeniambia kwamba kumbukumbu za bibi kizee haziwezi kuwa ushahidi. Nikamfungulia ukurasa wa TFC yake mwenyewe, mahali alipoandika ni batalioni ya nchi gani iliyolinda kambi ile. Ilikuwa Sweden.

Kambini ndipo alipofanya biashara ya kwanza. Alikuwa na sindano, uzi kidogo, na ufundi wa fwaye. Watu walikimbia na nguo za mwilini tu, na nguo za mwilini zinachanika. Alishona kwa mkono, akalipwa kwa unga, kwa dagaa, kwa kipande cha sabuni. "Pale hapakuwa muzungu wa kuniuliza," asema. Nilimwuliza kama wakati ule ulikuwa mbaya. Akanitazama kwa mshangao: bila shaka ulikuwa mbaya, watu waliuawa, watoto walikufa kwa surua. "Lakini weye uliuliza nilianza kuuza wapi. Miye nakujibu."

Kambi ilipofungwa 1962 wengi walisafirishwa kurudi Kasai na kaskazini. Wao walibaki, sikupata kuelewa vizuri kwa njia gani, na baada ya Tshombe kushindwa Januari 1963 mume akapata tena kazi, safari hii kwenye viwanda vya Shituru, Jadotville. Mji huo ndio unaoitwa Likasi tangu 1966, mwaka uleule Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi. Huko Likasi walikaa karibu miaka thelathini. Watoto wote waliobaki walizaliwa huko.

Sasa munkoyo. Hapa naomba nafasi, kwa sababu ndio mtaji wa habari yote. Unapika uji wa mahindi, mzito, unauacha upoe kidogo. Mizizi ya munkoyo, ambayo wakulima wanaileta kutoka porini, unaiponda na kuitia ndani. Baada ya muda uji mzito unalainika wenyewe mpaka unakuwa kinywaji chepesi, na kesho yake umepata utamu wenye uchachu. Watoto wanakunywa, wafanyakazi wanakunywa wakitoka zamu, kwenye kilio kinagawiwa. Unga wa posho wa Nkambo ulikuwa unazidi kidogo, kwa sababu watoto walikuwa bado wadogo na wanakula kidogo kuliko kampuni ilivyowahesabia. Ule uliozidi ulikuwa unaingia sufuriani asubuhi, na jioni unatoka dirishani kwa vikombe. Kampuni, bila kujua, ilikuwa inamlipa mara mbili.

"Na lutuku?" nikamwuliza. Lutuku ni pombe kali ya kutoneshwa, na serikali zote zimeikataza.

"Lutuku? Miye? Mukristu?" Kwenye rekodi unasikia binti yake akicheka jikoni, na baada yake Nkambo mwenyewe. Swali hilo halikujibiwa na sikulirudia.

Pesa za munkoyo (tuseme za munkoyo peke yake) zilinunua mashini. Aliinunua kwa Mgiriki mwenye duka la vitambaa Likasi, kidogokidogo, mwezi hadi mwezi. Mwaka hakuukumbuka, lakini alisema wiki aliyoichukua vijana walikuwa bado wanaimba kombe la Englebert. TP Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilichukua kombe la vilabu la Afrika la 1967 na lile la 1968. Kombe gani basi? Tukahesabu kwa watoto: yupi alikuwa mgongoni, yupi alikuwa ameanza kutembea. Binti mkubwa, ambaye safari hii alitusaidia kweli, akakumbuka kwamba mdogo wake alijikata kidole kwenye gurudumu la mashini ikiwa mpya. Ni kombe la pili. Nawashauri wote wanaotaka kuwauliza wazee wao: acheni kalenda, hesabuni kwa mpira, watoto na nyumba zilizohamwa. Mwaka utajitokeza wenyewe.

Mumewe hakujua lolote mpaka siku mashini ilipofika juu ya kichwa cha kijana. Nkambo alijitayarisha kwa ugomvi. Mzee alizungusha gurudumu, akasikiliza, akasema inalia, inataka mafuta. Jioni yake akarudi kazini na kichupa kidogo cha mafuta ya mashini za Shituru. "Mafuta ya kampuni njo ya kwanza kuingia mu hii mashini," asema, akiipigapiga ubavuni. "Kampuni haikuulizwa."

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Mobutu alibadili jina la nchi, akabadili majina ya watu, akabadili mavazi. Majina Nkambo aliyapita haraka: aliacha lile la ubatizo kwenye karatasi, akaendelea nalo kanisani. Mavazi alikaa nayo mchana mzima, kwa sababu pale ndipo alipotajirika, kwa kiasi ambacho mke wa mfanyakazi anaweza kutajirika. Suti na tai zilipigwa marufuku kwa wanaume. Wakubwa walitakiwa wavae abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Wanawake walikatazwa suruali na nguo fupi, wakatakiwa wavae vitambaa. Mji mzima ulihitaji kushonewa upya kwa wakati mmoja. Mafundi wa kiume wa Likasi hawakuwa wanawaza kwamba mwanamke anaweza kushona abakosti. Nkambo naye hakuwa anajua kuishona. Kiongozi mmoja wa ofisi akamletea yake iliyofumuka begani, iliyoshonwa Kinshasa. Usiku ule aliifumua yote, kipande kwa kipande, akaviweka juu ya magazeti, akachora kila kimoja kwa makaa, akaishona tena kabla ya asubuhi. Mwenye nguo alisifu bega lilivyotengenezwa vizuri. Vile vipande vya magazeti vilimshonea wateja kwa miaka.

Halafu tarehe 30 Novemba 1973 ikatangazwa kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa wananchi. Mgiriki wake aliondoka. Duka alipewa mtu mwingine, mkubwa wa chama, ambaye aliuza vitambaa vyote vilivyokuwa kwenye rafu kwa bei nzuri, na vilipokwisha hakujua vingine vinaagizwa wapi. Hadithi hiyo ilitokea Zaire nzima. Nkambo anaikumbuka kwa uzi: kwanza ulikosekana wa rangi, kisha mweusi, mwisho hata mweupe. Akaanza kufumua magunia ya unga ya kampuni na kutumia nyuzi zake.

Vita vya 1977 na 1978 vilimpita mbali kidogo, upande wa Kolwezi, na hakuvisemea sana. Miaka ya 1980 pia aliipita kwa sentensi mbili tatu: watoto walisoma, mume alipanda cheo. Kwa mwanafunzi wa TFC hicho ndicho kilele cha grafu, tani zote zile. Kwa Nkambo ulikuwa wakati usio na habari, nadhani kwa sababu hakuna kilichomlazimisha kuamua.

Nafika 1992. Nilikuwa nimepanga kutoliuliza. Katanga, ambayo wakati ule ilikuwa inaitwa Shaba, tunalizunguka jambo hili. Watu wanasema "ile wakati" na kila mtu anajua wakati gani. Yeye ndiye aliyelianzisha, simu ikiwa inarekodi, kwa sauti ileile aliyotumia kwa munkoyo.

Tarehe 15 Agosti 1992 mkutano mkuu wa taifa ulimchagua Etienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Huku kwetu wanasiasa walikuwa wameshawaambia vijana kwamba Wakasai ndio waliokula kazi zao na nyumba zao. Likasi iliwaka, na mwaka uliofuata Kolwezi. Watu waliokuwa wamezaliwa hapa, ambao baba zao waliletwa na kampuni, walifukuzwa majumbani. Walijazana kituo cha treni cha Likasi wakisubiri mabehewa ya kwenda Kasai, wiki kwa wiki, chini ya maturubai, na wengi walifia palepale kwa magonjwa kabla ya treni kufika.

Vijana waliokuja nyumbani kwake walimjua. Wengine aliwashonea sare za shule. Walimwambia, mama, weye baki, weye ni wa huku. Yeye njo aende. Ilisemwa kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo anayoikumbuka zaidi, anasema, na kila akiitaja anasukuma gurudumu la mashini kidogo.

Mume alikwenda kituoni na vijana wao wawili wakubwa, kwa sababu mwana ni wa kabila la baba na hakuna aliyeuliza mama yao ni nani. Nkambo alibaki nyumbani na wadogo, akawa anapeleka bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kituoni kila siku, akipita katikati ya watu waliokuwa wanamwita majina. Walikuwa wanapanga huku wakila. Mume alitaka wote wapande. Yeye alifika Kasai mara ya mwisho akiwa kijana. Nkambo hajawahi kukanyaga. Alimwuliza watakula nini huko, mume akasema, utashona. Basi yeye akasema kama ni kushona, atashona mahali anapojua wateja, na watoto wadogo hawataweza kulala kituoni. Mabishano haya yalichukua siku nyingi, na hatimaye yakawa juu ya mashini: nani aende nayo. Mume alichukua redio na baiskeli. Mashini ikabaki.

"Tulisema mambo ikipoa atarudi. Watu yote walikuwa wanasema vile."

Treni ikaondoka kuelekea Kamina na Mwene-Ditu. Nkambo akafunga mashini ndani ya blanketi, akapanda na watoto lori la magunia ya makaa, kilomita kama 120 mpaka Lubumbashi, kwenye nyumba hii ya Katuba ambayo mama yake aliiacha. Mume alifia Mwene-Ditu miaka michache baadaye. Habari ililetwa na mfanyabiashara wa mahindi. Kijana mmoja alirudi, mwingine alibaki kule, ana wajukuu ambao Nkambo anawaona kwenye simu.

Mjomba wangu alikuwa kijana Likasi mwaka ule. Nkambo anajua, tunajuana jamaa zote hapa. Nilimwuliza kama ana hasira.

"Hasira iko. Itaenda wapi?" akajibu. "Lakini mujomba yako nilimushonea suruali ya ndoa. Bado ananidaiwa nusu." Alimaanisha kwamba mjomba ndiye anayedaiwa. Nimemfikishia mjomba deni hilo. Amelipa, bila kuniuliza nimelijuaje.

Baada ya hapo alinisimulia mambo mengine juu ya kituo kile, akaniambia nisiyaandike, na siyaandiki.

Kampuni yenyewe ilikuwa inaanguka wakati huohuo. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, maporomoko yaliyoziba shaba nyingi, 1991 ukaja uporaji, wataalamu wakaondoka. Mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wanaume wa avenyu yetu walirudi na bahasha, wengine wakafungua vioski, wengine wakanunua magari ya teksi yaliyokufa kabla ya mwaka. Wakati huo Nkambo alikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kushona Katuba, na wanawake watatu aliowafundisha, wawili wao wake wa watu wa Gécamines ambao waume zao hawakutaka wafanye kazi mpaka siku unga wa kampuni ulipokosekana. Anasema walikuja usiku kujifunza, waume wasione. Baadaye walikuja mchana.

Sisemi kwamba wale wazee chini ya miembe wanadanganya. Watoto wa kambi walishiba, walisoma, walitibiwa, na wajukuu wao leo wanachimba kwa mikono kwenye mashimo yasiyo na mbao. Nkambo mwenyewe akimwona mtoto mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba anasema hapo zamani asingeruhusiwa kuwa vile, angepimwa kilo. Namaanisha tu kwamba wanaume wanaililia posho kwa sababu wao hawakupanga foleni yake. Aliyepanga foleni anakumbuka pia yule mwenye daftari, na kidole juu ya kabati.

Rekodi nimezihifadhi mahali pawili, na nakala moja nimemtumia yule kijana wa Mwene-Ditu, ambaye alinipigia simu akaniuliza kama kweli redio ile ilikuwa ya baba au ilikuwa imenunuliwa na mama. Nilimpa Nkambo simu wajibizane wenyewe. Ilinunuliwa kwa munkoyo, kama kila kitu.

Nilipomsomea maandishi haya alirekebisha mambo mawili, bei ya mbuzi na rangi ya blanketi, na nimezitoa zote mbili. Kisha akasema yeye amekwisha, sasa nimfuate mwenzake wa fwaye, anayekaa Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe. Huyo, asema, ndiye aliyekuwa anatonesha lutuku. Nisimwambie nani amenituma, na sukari nilete kilo mbili.